UCHAMBUZI: Taa za kisasa zang'arisha mbele, nyuma kukisalia giza barabara ya Rongo

GIZA huingia upesi mjini Rongo. Jua likishazama nyuma ya mashamba ya miwa, dakika 30 hazipiti kabla ya usiku kutanda, kwa kuwa mji huu wa Kaunti ya Migori uko karibu na Ikweta na machweo yake hayana ajizi.

Hapo ndipo makutano ya barabara ya kwenda Homa Bay na ile kuu ya Kisii-Migori yanapogeuka uwanja wa mianga. Kuna matatu zinazotoka Kisii, malori yanayoelekea mpaka wa Isebania, magari madogo aina ya Probox yaliyosheheni abiria, na bodaboda zisizohesabika. Mengi ya magari hayo yana taa zenye weupe unaokaribia samawati, kali kiasi kwamba anayesubiri kuvuka barabara hulazimika kujikinga macho kwa kiganja.

Lakini katikati ya mwanga huo wote, kuna chombo ambacho mara nyingi hakionekani hadi mtu awe amekikaribia mno. Ni trekta linalokokota trela la miwa katika ukanda wa kilimo unaoanzia hapa hadi Awendo na Ndhiwa, na ambalo aghalabu halina hata taa moja nyekundu nyuma yake.

Picha hiyo ya mbele kung'aa na nyuma kuwa kiza ndiyo kiini cha mjadala ambao Wakenya wangali hawajaufanya ipasavyo kuhusu taa za LED. Tumezipokea kama pambo la gari na kama silaha ya dereva dhidi ya usiku. Tumesahau kwamba taa ya gari si mali ya mwenye gari pekee. Kazi yake ni mbili, kumwezesha dereva kuona na kuwawezesha wengine kumwona bila kuwapofusha. Taa inayotimiza kazi ya kwanza kwa kuiharibu ya pili ni hasara kwa wote.

Historia ya teknolojia hii ina funzo lake. Mwaka 1962 mhandisi Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alitengeneza daiodi iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana. Kwa miaka mingi LED zilibaki nyekundu, kijani na manjano, zikitumika katika saa na redio. Mwanga mweupe ulisubiri kupatikana kwa daiodi ya samawati, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Kwa sababu hiyo, LED iliingia katika gari kwa mlango wa nyuma. Ilianza kama taa nyekundu za breki na za mkia, na ni baadaye tu ilipohamia mbele. Mwaka 2004 Audi iliweka taa za LED za kuwaka mchana katika gari lake la kifahari la A8, na mwaka 2007 Lexus LS 600h likawa gari la kwanza kuuzwa likiwa na taa za mbele za LED za kumulikia barabara usiku.

Na ilikuwa na sababu nzuri ya kuanzia nyuma. Balbu ya kawaida huwaka kwa uzi wa chuma unaopashwa moto, na uzi huo huchukua takriban moja ya tano ya sekunde kufikia mwanga wake kamili. LED huwaka papo hapo. Kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha magari ya uchukuzi wa umma nchini, tofauti hiyo ni zaidi ya mita nne. Anayekufuata anaiona breki yako akiwa amebakiwa na nafasi ya ziada inayolingana na urefu wa gari dogo.

Baada ya hapo mitindo ilitwaa usukani. Kwa kuwa LED ni ndogo kuliko punje ya mahindi, wasanifu waliweza kuchora nayo umbo lolote walilotaka: nyusi, kucha, mkuki au pete. Taa ya duara ya zamani ikatoweka. Kila kampuni ikajitengenezea 'macho' yake ili gari litambulike gizani hata kabla ya nembo kuonekana. Mnunuzi naye akajifunza kuyatazama macho hayo kwanza, kabla ya kuuliza habari za injini.

Hapa Kenya, mitindo hiyo hutufikia kwa kuchelewa lakini hufika. Kanuni ya KS 1515 inayosimamiwa na Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, lango lilikuwa wazi kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 na baadaye. Kufikia miaka hiyo LED ilikuwa imeshaenea hata katika magari madogo ya Kijapani. Kwa hivyo suala la iwapo tunazitaka taa hizi au hatuzitaki limekwisha kuamuliwa. Lililobaki ni namna tutakavyoishi nazo.

Ikumbukwe kwamba taa za LED zilizowekwa kiwandani si tatizo kubwa. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo mwanga wa taa hizo umekatwa kwa namna inayoifaa barabara yetu. Katika taa za chini, zile ambazo madereva huziita dimu, mwanga huinuka kidogo upande wa kushoto ili kumulika kando ya barabara wanakopita watu, na huinama upande wa kulia ili kumhifadhi anayekuja. Magari ya bei ya juu huenda mbali zaidi. Tangu Audi ilipoanza kuuza mfumo huo mwaka 2013, yapo magari yanayoweza kuzima sehemu ya mwanga inayomwelekea dereva mwingine huku sehemu nyingine zikiendelea kuwaka.

Tatizo lenyewe liko katika gari kuukuu lililoundwa kwa ajili ya balbu ya halojeni kisha likatiwa balbu ya LED iliyonunuliwa dukani. Balbu ya halojeni ya aina ya H4, inayotumika katika magari mengi ya biashara, hula wati 55 ikiwa kwenye dimu na kutoa takriban lumeni 1,000. Ndani yake, chini ya uzi wa dimu, mna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usirushwe juu. Kioo cha taa nacho kimechongwa kikitegemea kwamba mwanga utatoka mahali hapo hasa, si milimita moja mbele wala nyuma.

Ukiitoa balbu hiyo na kutia LED ambayo vipande vyake vya mwanga vimekaa pembeni, badala ya kuwa uzi mmoja katikati, kioo hakina tena hesabu. Mwanga hutapanyika. Dereva huona weupe mwingi karibu na boneti na kudhani kuwa amepata faida, ilhali sehemu kubwa ya mwanga huo inaenda juu, machoni mwa watu. Ndiyo maana Ujerumani, nchi iliyozaa kampuni nyingi za magari, haikuidhinisha balbu ya LED ya kubadilisha halojeni hadi mwaka 2020, na hata hapo ni kwa magari maalumu yaliyopimwa moja baada ya jingine.

Hata hivyo, ni kosa kumlaumu dereva wa Rongo kana kwamba anafanya hivyo kwa kiburi tu. Ukitoka mjini, hakuna taa za barabarani. Kuna ng'ombe wanaorejeshwa nyumbani, wanafunzi wanaotembea kandokando wakiwa wamevaa sweta za rangi nzito, na wachimbaji dhahabu wanaotoka machimboni Kitere wakiwa wamejaa vumbi. Gari lake limetumika miaka mingi na jua limeufanya uso wa taa kuwa wa manjano. Mwanga wa halojeni unaopita katika plastiki hiyo ni hafifu kama wa koroboi. Mtu huyo ana haki ya kutaka kuona.

Aidha, bodaboda zina sababu yao. Betri ya pikipiki ni ndogo, na LED hutoa mwanga mwingi kwa umeme mchache. Mwendeshaji anayefunga taa mbili za ziada kwenye vyuma vya mbele hafanyi hivyo kwa ajili ya urembo pekee. Anajua kuwa lori likikosa kumwona, hatapata nafasi ya kulalamika.

Wala urembo wenyewe si dhambi. Uchukuzi wa umma Kenya umekuwa na sanaa yake tangu zamani. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilivuliwa michoro na kuvishwa mstari wa manjano, lakini vijana hawakuisahau sanaa hiyo, na baadaye michoro ikarejea. Mishipi ya LED inayopamba matatu ni tawi la mti huohuo. Lakini mchoro ubavuni mwa matatu haumzuii mtu kuiona barabara, ilhali taa inaweza kumzuia.

Hatari ni kwamba mambo haya yamegeuka mashindano. Mmoja akitia taa kali, anayekutana naye kila usiku hutia kali zaidi ili naye aone. Bodaboda anayepofushwa na wote wawili hufunga ya tatu. Kila mmoja ametumia fedha zake, na mwisho wake hakuna anayeona vyema kuliko alivyoona awali.

Hesabu yake ni rahisi. Jicho lililopigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudia hali yake, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo muda huo unavyorefuka. Tuchukue sekunde tatu tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa litakuwa limepita zaidi ya mita 60 dereva akiwa haoni barabara. Kwa mwendo huohuo, linahitaji takriban mita 70 kusimama hata katika lami kavu. Iwapo ndani ya mita hizo kuna trela la miwa lisilo na taa, hakuna breki itakayosaidia.

Na hapo ndipo tunaporejea nyuma ya gari, mahali ambapo LED ilianzia na ambapo sisi tumepasahau.

Giza la nyuma lina sababu mbili. Ya kwanza imeletwa na usasa wenyewe. Taa za kuwaka mchana zilibuniwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ambako majira ya baridi huwa na mchana wa utusitusi. Sweden ililazimisha magari kuwasha taa mchana tangu mwaka 1977, na Umoja wa Ulaya ukaanza kudai taa maalumu za mchana katika aina mpya za magari mwaka 2011. Katika magari mengi, taa hizo huwaka mbele tu. Jioni inapoingia, dereva huona mwanga mbele yake na dashibodi yake iking'aa, akaamini kuwa amewasha taa. Kumbe nyuma hakuna kitu.

Huko Ulaya machweo huchukua muda mrefu na dereva hupata wasaa wa kugundua kosa lake. Hapa Rongo, mtu anaweza kuondoka Kisii kukiwa na mwanga na kufika kukiwa kiza totoro, safari nzima nyuma yake kukiwa hakuna taa.

Sababu ya pili ni ya kale na ni nzito zaidi. Trela la miwa hufanya kazi ngumu. Huingia shambani, hukwaruzwa na mabua, hutikiswa kwenye vijia vya murramu na kupakiwa hadi miwa ikaning'inia nyuma. Taa za balbu hazidumu hapo. Uzi wake hukatika kwa mtikisiko, nyaya hunaswa na kung'oka, na mwenye trela huchoka kununua nyingine. Mwishowe huamua kwamba mwendo wake ni wa polepole na kwamba wengine watamwona.

Huo mwendo wa polepole ndio hatari yenyewe. Dereva anayetoka nyuma kwa kasi ya 80 na kulifikia trekta linalokwenda 20 anakaribia kitu kilicho karibu kusimama. Akiwa ametoka tu kupishana na gari lililompiga taa kali usoni, ataiona miwa ikiwa tayari imefika kwenye kioo chake.

Katika hali hii LED inaweza kuwa tiba. Taa ya nyuma ya LED iliyozibwa isiingize maji haina uzi wa kukatika. Hula wati chache mno ikilinganishwa na balbu ya breki ya wati 21. Ikifungwa juu ya fremu ya trela, mahali ambapo mabua hayaifikii, na kusaidiwa na mikanda ya kuakisi mwanga, inaweza kudumu misimu mingi ya mavuno. Ni jambo la kustaajabisha kwamba teknolojia hiyo inapatikana tele katika maduka ya vipuri ya Rongo, lakini wateja wanainunulia sehemu ya mbele ya magari.

Sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe na taa mbele na nyuma, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012 kusimamia mambo haya. Magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi iliyowasilishwa kwa umma mwaka 2025 ilipendekeza kuwa magari ya kibinafsi yaliyozidi umri wa miaka minne nayo yakaguliwe.

Pamoja na hayo, ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kutosha kwa kitu kinachobadilishwa kwa dakika kumi. Balbu ya LED inaweza kutolewa asubuhi ya ukaguzi na kurudishwa jioni. Isitoshe, afisa wa trafiki anayesimama barabarani usiku bila kifaa cha kupimia hana njia ya haki ya kuamua taa ipi imezidi. Akiachiwa macho yake pekee, msako hugeuka upesi kuwa soko la hongo, na mwenye taa nzuri atalipa sawa na mwenye taa mbovu.

Kuna kipimo ambacho kila dereva anaweza kukifanya mwenyewe bila gharama. Egesha gari penye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani, ukiwa umewasha dimu. Pima urefu wa taa kutoka ardhini. Ukingo wa juu wa mwanga unapaswa kuwa chini ya urefu huo kwa takriban sentimita 10. Ukiwa sawa nao au juu yake, unawapofusha wenzako. Na ikiwa hakuna ukingo wowote, bali mwanga umetapanyika ukuta mzima, basi balbu hiyo haikuundwa kwa ajili ya taa yako.

Kipimo hicho kirudiwe gari likiwa limebeba mzigo. Probox iliyojaa abiria na magunia nyuma huinua pua yake, na taa iliyokuwa sawa ikiwa tupu huanza kumulika vilele vya miti. Magari mengi yanayotoka Japani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye namba kuanzia sufuri, cha kuteremsha mwanga gari linapolemewa. Ni madereva wachache wanaojua kazi yake.

Kwa dereva ambaye taa zake zimefifia, hatua ya kwanza isiwe kununua LED. Uso wa taa uliogeuka manjano unaweza kusuguliwa na fundi ukarudia uangavu wake, na balbu mpya ya halojeni ya bei nafuu ikatoa mwanga ambao kioo cha taa hiyo kiliumbwa kuupokea. Anayenunua gari lenye LED za kiwandani naye ajue gharama iliyojificha. Taa nyingi kati ya hizo haziuzwi balbu yake pekee. Ikiharibika au kugongwa, taa nzima hubadilishwa, kwa bei ambayo yaweza kufikia makumi ya maelfu ya shilingi.

Lakini hatua ya kuokoa maisha ya wengi kwa gharama ndogo inawahusu wenye matrekta, viwanda vya sukari na serikali za kaunti za Migori na Homa Bay. Trela lolote lisipimwe miwa yake kiwandani iwapo halina taa za nyuma zinazowaka na mikanda ya kuakisi mwanga. Mizani ya kiwanda ni kituo ambacho kila trela hupitia, tena kila siku ya kazi. Hakuna kizuizi cha polisi chenye uwezo huo. Chama cha bodaboda nacho kinaweza kuwataka wanachama wake wawe na taa ya nyuma inayowaka kabla ya kuulizana kuhusu za mbele.

NTSA, kwa upande wake, ina wajibu wa kutoa mwongozo ulio wazi kwa Kiswahili na lugha za mashinani, unaotofautisha taa ya kiwandani na balbu ya kubandika, na kuwapa maafisa wake vifaa vya kupimia. KEBS nayo ichunguze balbu zinazoingizwa na kuuzwa, maana ni rahisi zaidi kuizuia bidhaa bandarini kuliko kuifuata moja moja hadi Rongo.

Mwaka 2024 watu 4,748 walipoteza maisha barabarani nchini, kulingana na takwimu za NTSA, na waliotembea kwa miguu ndio waliokuwa wengi. Hao hawana taa yoyote. Wanategemea kabisa kwamba mwenye gari ataona na hatakuwa amepofushwa na mwenzake.

Wahenga walisema ajali haina kinga, na msemo huo umetumiwa mno kufunika uzembe. Ajali ya trela lisiloonekana ina kinga. Inauzwa dukani, hula wati chache, na ni nyekundu. Kinachosalia ni sisi kukubali kuizungusha teknolojia hii tuliyoiweka mbele tu, ili jioni giza linapoingia Rongo, anayetangulia aonekane na anayefuata afike nyumbani.